Kinga ya Umaskini: Dhana Potofu kuhusu Mtoto wa Bukavu na Matangazo ya Biashara

Miongoni mwa walezi, walimu na hata wasomi wa Bukavu, mji wa mkoa wa Kivu Kusini nchini Kongo, imeenea fikra moja ambayo inaweza kuitwa kinga ya umaskini, yaani imani kwamba mtoto asiye na televisheni nyumbani wala noti mfukoni hawezi kuguswa na matangazo ya biashara. Fikra hiyo huvaa sura mbalimbali. Wapo wanaosema kwamba madhara ya matangazo kwa watoto ni maradhi ya Ulaya na Marekani, ambako mtoto hukaa mbele ya kioo kutwa nzima; wapo wanaosema kwamba katika mji uliopitia vita mara kwa mara mwanasaikolojia ana majeraha mazito zaidi ya kutibu; na wapo wanaosema, kwa sauti ya upole zaidi, kwamba mtoto akikua atajua mwenyewe kupambanua ukweli na maneno ya mfanyabiashara. Kauli hizo hazina chanzo kimoja, lakini zote huishia kwenye hitimisho moja, kwamba utafiti wa kisaikolojia kuhusu matangazo na watoto unaweza kusubiri katika Kivu Kusini. Hitimisho hilo ni batili. Linapingana na ushahidi uliokusanywa kwa miaka 50 na zaidi, na wa kwanza kulipia gharama yake ni yule yule mtoto maskini anayedhaniwa kuwa amekingwa.

Kosa la msingi limo katika kudhani kwamba tangazo ni ile filamu fupi inayokatiza kipindi cha televisheni. Anayefuata barabara ya Patrice Emery Lumumba kuelekea Nyawera, au anayepanda vichochoro vya Kadutu hadi soko kuu, hupita kati ya kuta zilizopakwa rangi za kampuni za simu na chini ya miavuli ya wauza inite (muda wa maongezi ya simu) yenye rangi hizo hizo, huku viti vya plastiki mbele ya baa vikibeba nembo za bia. Nembo ni ile alama ya picha au maandishi ambayo kampuni huitumia ili bidhaa yake itambulike bila maelezo, na kwa hiyo ndiyo sehemu ya tangazo isiyohitaji umeme, wala kisomo, wala ada. Kibanda kimoja cha mbao, chenye upana wa hatua mbili tu, kinatosha kuonyesha jambo hili kwa ukaribu. Paa lake ni bati. Ubao wake wa mbele umepakwa rangi nyekundu tupu. Na kwenye kamba iliyofungwa kutoka nguzo hadi nguzo vinaning'inia vifuko vidogo vya maziwa ya unga, kahawa na sabuni ya unga, vimeshikana kama shanga, kila kimoja kikiwa na picha ile ile. Mtu mzima huinama kidogo ili aone uso wa muuzaji nyuma ya vifuko hivyo. Mtoto wa miaka 5 hana haja ya kuinama, kwa maana picha ziko sawa na macho yake, na husimama hapo akizitazama muda wote ambao mama yake anahesabu faranga. Kifuko chenyewe kilibuniwa kwa ajili ya mnunuzi asiyeweza kununua kopo zima, kwa hiyo ni ajabu kwamba watu hutaja umaskini kama ukuta unaomzuia mfanyabiashara asimfikie mtoto, ilhali mfanyabiashara alikwisha kuupima umaskini huo na kuushonea mfuko wa kipimo chake.

Lugha ya mji nayo ni shahidi. Katika Kiswahili cha Kongo kalamu ya wino huitwa biki, jina lililotokana na kampuni ya Kifaransa ya Bic. Kwingineko katika Afrika ya Mashariki dawa ya viatu huitwa kiwi, na wapo wengi ambao kwao sabuni yoyote ya unga ni omo na dawa yoyote ya meno ni kolgeti. Mtoto hujifunza majina hayo kabla ya kujua kwamba ni mali ya mtu, na huyajifunza kutoka kinywani mwa mama yake. Anapotumwa dukani na kuagizwa kwa jina la kampuni badala ya jina la kitu, yeye ndiye anayebeba tangazo kutoka nyumba hadi kibanda, na hakuna televisheni iliyohusika popote katika safari hiyo.

Neno lenyewe, tangazo, linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Katika redio za Bukavu, na Radio Maendeleo iliyoanzishwa mwaka 1993 ni miongoni mwa zile kongwe za kijamii, tangazo linaweza kuwa la kifo, la mtoto aliyepotea, la chanjo, la kikao cha wazazi wa shule, au la kinywaji. Yote ni matangazo, na mara nyingi hufuatana katika dakika zile zile na kusomwa kwa sauti ile ile inayoaminika. Mwaka 1974 watafiti wawili waliofanya kazi Marekani, Thomas Robertson na John Rossiter, walichapisha utafiti uliofanywa kwa wavulana wa darasa la kwanza, la tatu na la tano, wakitenganisha mambo mawili ambayo mtoto anaweza kuyaona ndani ya tangazo: nia ya kusaidia, yaani kumpa msikilizaji habari anayoihitaji, na nia ya kushawishi, yaani kumfanya atende jambo kwa faida ya anayesema. Waligundua kwamba karibu wote wa darasa la tano waliitambua nia ya pili, lakini katika darasa la kwanza ni takriban nusu tu walioitambua. Sasa mtoto wa Bukavu anatakiwa kuifanya tofauti hiyo katika lugha inayoita kwa neno moja habari ya msiba na habari ya bia. Si haki kudai kwamba neno moja humfunga mtu akili, kwa sababu watu wazima wanaotumia neno hilo hilo hutofautisha vizuri sana; lakini ni haki kusema kwamba mtoto huyo anapewa kazi ngumu zaidi kuliko mwenzake wa Marekani, na kwamba anaanza na heshima kwa tangazo ambayo mwenzake hakuwa nayo, maana tangazo ndilo lililowaita ndugu zake matangani.

Wanaoshikilia kinga ya umaskini hujibu kwamba kuona si kutaka, na kwamba picha ukutani haisemi chochote kwa asiyejua kusoma. Jibu hilo lilikwisha kupoteza nguvu mwaka 1968, pale mwanasaikolojia Robert Zajonc alipochapisha majaribio yake kuhusu kile kinachoitwa athari ya kuonekana tu, yaani mwelekeo wa mtu kukipenda kitu kwa sababu amekiona mara nyingi, bila kupewa sababu nyingine yoyote. Zajonc aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana, michoro iliyofanana na herufi za Kichina, na picha za sura za watu wasiowajua. Kadiri kitu kilivyoonyeshwa mara nyingi, ndivyo kilivyohukumiwa kuwa kizuri zaidi. Walioshiriki hawakuweza kusoma michoro ile. Kutojua kusoma, basi, hakumkingi mtu, na katika baadhi ya mambo humwacha wazi zaidi, kwa kuwa anayesoma anaweza angalau kubishana na maneno, ilhali picha humwingia asiyesoma bila kusimamishwa mlangoni.

Hatua ya kutoka kwa watu wazima hadi kwa watoto wadogo nayo imekwisha kupimwa. Mwaka 1991 Paul Fischer na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Marekani matokeo ya mchezo wa kadi waliowapa watoto 229 wa miaka 3 hadi 6, ambapo kila mtoto alitakiwa kuweka nembo juu ya picha ya bidhaa yake. Miongoni mwa wale wa miaka 6, zaidi ya asilimia 90 walimweka ngamia wa katuni wa sigara za Camel juu ya picha ya sigara, idadi iliyokaribiana na ile ya waliomtambua Mickey Mouse. Ikiwa mtu atasema kwamba hao walikuwa watoto wa Marekani, mwaka 2013 Dina Borzekowski na Joanna Cohen walichapisha utafiti wa namna hiyo hiyo kwa watoto 2,423 wa miaka 5 na 6 katika nchi 6, nazo ni Brazili, China, India, Nijeria, Pakistani na Urusi. Asilimia 68 ya watoto hao walitambua angalau nembo moja ya sigara, na nchini China walifika asilimia 86. Hawa hawakuwa wanunuzi wa sigara, na wengi walikuwa hawajaanza kusoma. Walikuwa watoto waliotembea barabarani na kukaa na watu wazima, kama wale wa Kadutu, Ibanda na Bagira mjini Bukavu.

Borzekowski huyu ana umuhimu wa pekee kwa msomaji wa Kiswahili. Mwaka 2001, akiwa na Thomas Robinson, alionyesha kwamba watoto 46 wa miaka 2 hadi 6 waliotazama katuni yenye matangazo ya muda mfupi sana walichagua bidhaa zilizotangazwa zaidi kuliko wenzao waliotazama katuni ile ile bila matangazo. Kisha mwaka 2018 alichapisha tathmini ya Akili and Me, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, akiwa amewapima watoto zaidi ya 500 wa Morogoro kwa wiki chache, na akaona kwamba walioitazama walipiga hatua katika kuhesabu, kuchora na kutambua maumbo. Matokeo ya Morogoro yalipokelewa kwa furaha katika ukanda mzima, na kwa haki. Lakini ni mtafiti yule yule, na ni akili ya mtoto ile ile. Haiwezekani kukubali kwamba picha inayocheza humfundisha mtoto namba 3 ndani ya wiki chache, kisha kukataa kwamba picha nyingine humfundisha kutaka kinywaji.

Kivu Kusini yenyewe ina kielelezo cha karibu zaidi. Ebola ilipofika eneo la Mwenga mkoani humo mwezi Agosti 2019, serikali na mashirika yalitegemea mabango yenye michoro na sauti za redio ili watu, watoto wakiwemo, wanawe mikono na waepuke kugusa maiti. Na kila kipindupindu kinapozuka kandokando ya Ziwa Kivu, njia ni hizo hizo. Hakuna daktari aliyesema kwamba mabango hayo ni kazi bure kwa kuwa mtoto hana televisheni. Anayeliamini bango la kunawa mikono hana ruhusa ya kimantiki ya kulidharau bango la bia lililopachikwa kwenye ukuta unaofuata.

Hoja ya fedha ndiyo ngumu zaidi kuing'oa, kwa sababu inafanana na ukweli: mtoto asiye na kitu hanunui kitu. Wenye biashara waliacha zamani kufikiri hivyo. James McNeal, aliyekuwa profesa wa masoko huko Texas na aliyefundisha kampuni kizazi kizima namna ya kumwona mtoto kama mteja, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwamba mtoto ni masoko matatu ndani ya mwili mmoja: soko la senti zake mwenyewe, soko la fedha za wazazi anazozielekeza kwa kuomba na kusihi, na soko la kesho, maana ladha inayopandwa utotoni huvunwa kwa miaka mingi. Katika Bukavu soko la kwanza ni dogo, hilo halina ubishi. Soko la pili ni pana kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa huko mtoto hutumwa dukani tangu anapoweza kushika noti bila kuipoteza, na mara nyingi ndiye anayechagua, mbele ya muuzaji, ni kifuko kipi arudi nacho. Na soko la tatu, katika nchi ambayo karibu nusu ya watu wake hawajafika miaka 15, ndilo soko kubwa kuliko yote.

Hata hivyo gharama kubwa ya tangazo kwa mtoto maskini haimo katika alichonunua. Imo katika alichonyimwa. Mwaka 1978 Marvin Goldberg na Gerald Gorn, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa miaka 4 na 5, ambao baadhi yao walionyeshwa tangazo la kitu cha kuchezea na wengine hawakuonyeshwa. Baadaye watoto waliulizwa maswali kwa picha. Waliambiwa kuhusu mtoto aliyeomba kitu kile na baba yake akakataa, kisha wakaulizwa kama mtoto huyo angetaka bado kucheza na baba yake. Walioona tangazo walielekea zaidi kusema hapana. Waliulizwa pia wangecheza na nani, mtoto mwema asiye na kitu kile au mtoto asiye mwema aliye nacho. Walioona tangazo walimchagua wa pili zaidi kuliko wenzao. Matokeo hayo yasomwe tena yakiwa yamewekwa katika nyumba ya mtaa wa Panzi au wa Cimpunda, ambako jibu la baba ni hapana karibu kila siku, wala si kwa ukali wake bali kwa kuwa mkoba ni mtupu. Mtoto wa tajiri hukasirikia kunyimwa mara moja kwa mwezi na kesho yake akapewa. Mtoto wa maskini hufundishwa kila asubuhi, njiani kwenda shule, kwamba kuna furaha iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na kila jioni hufundishwa na uso wa baba yake kwamba furaha hiyo si yake. Kuiita hali hiyo kinga ni kulipindua neno.

Kuna pia suala la tumbo, na hapa Kivu Kusini haina haki ya kusema haikujua. Taasisi ya utafiti ya Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, iliasisiwa mwaka 1947, na eneo linaloizunguka limechunguzwa kwa miongo mingi na wataalamu wa utapiamlo wa watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 katika mkoa huo walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Hivyo kuna elimu kubwa kuhusu kile mtoto wa Kivu alichokula, lakini hakuna elimu inayolingana nayo kuhusu kile alichofundishwa kukitamani. Katika nyumba yenye faranga chache, soda iliyonunuliwa siku ya sikukuu au biskuti iliyombembeleza mtoto anayelia hutoka katika fungu lile lile la maharage na ndagala. Dunia ilikwisha kupata somo hili kwa uchungu, pale shirika la Uingereza la War on Want lilipochapisha mwaka 1974 ripoti ya Mike Muller kuhusu maziwa ya kopo katika nchi maskini, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa mbadala wa maziwa ya mama. Waliolengwa na matangazo yale walikuwa akina mama maskini.

Inabaki ile hoja ya upole, kwamba mtoto akikua ataelewa. Hoja hii haiko Bukavu peke yake. Kampuni huipenda kila mahali, kwa sababu inahamisha mzigo kutoka kwa anayetangaza hadi kwa anayetangaziwa na kuugeuza kuwa somo la darasani. Mwaka 2006 Sonia Livingstone, mwanasaikolojia wa jamii wa London, pamoja na Ellen Helsper, walipitia upya tafiti nyingi wakilinganisha umri na athari. Kama kuelewa kungekuwa kinga, vijana wanaoelewa nia ya tangazo wangeathirika kidogo kuliko watoto wadogo wasioielewa. Ushahidi haukuonyesha hivyo. Vijana hawakuonekana kuathirika kidogo, bali walifikiwa kwa mbinu tofauti, wadogo kwa rangi na sura za kupendeza, wakubwa kwa hoja, watu mashuhuri na hadhi. Miaka miwili baadaye watafiti Agnes Nairn na Cordelia Fine walieleza kwamba matangazo mengi ya kisasa hayajengi hoja yoyote ambayo akili ingeweza kuijadili, maana huunganisha tu bidhaa na hisia njema, na muunganiko huo hukaa katika tabaka la akili ambalo maarifa hayalifikii kwa urahisi. Anayetaka uthibitisho wa mtaani na ausikilize muziki wa Kongo, ambao kwa miaka mingi umekuwa uwanja wa ushindani wa kampuni za bia, zikigharamia wanamuziki wakubwa na matamasha yao. Kijana wa miaka 16 anajua vema kwamba mwanamuziki amelipwa. Anajua, na bado anaimba.

Sasa ije hoja ya vita, ambayo inastahili heshima kwa sababu wanaoitoa wameona mengi. Ni kweli kwamba saikolojia katika Bukavu ilikua kando ya majeraha: kituo cha afya ya akili cha SOSAME kilianza mwaka 1994, hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na mji wenyewe ukaingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025. Hakuna anayedai kwamba mtafiti wa matangazo atangulie mbele ya anayemhudumia mtoto aliyeona mauaji. Lakini hoja hiyo humgawa mtoto katika vipande, kana kwamba aliyeishi vita anaacha kuwa mtoto anayetazama, anayetamani na anayejilinganisha na wenzake. Biashara haikumgawa hivyo. Mwezi Juni 2025 Heineken, wakati huo ikiwa mmiliki wa kampuni ya bia ya Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa mali zake za Goma na Bukavu na kwamba imewaondoa wafanyakazi wake waliobaki. Kiwanda kinaweza kufungwa kwa siku moja, lakini nembo iliyokwisha kupigwa mhuri kwenye viti, miavuli na kuta haifungwi. Inaendelea kumfundisha mtoto hata pale ambapo hakuna anayelipwa kumfundisha. Kipindi cha vita, ambapo wazazi wamechoka na mamlaka hazieleweki, ndicho kipindi ambacho mtoto huachiwa mtaa peke yake.

Lawama haziwezi kuwaacha wanasaikolojia wenyewe. Taaluma hii iliwapa wafanyabiashara maarifa yake mapema kuliko ilivyowapa wazazi: John B. Watson, aliyechapisha mwaka 1920 jaribio la kumtia hofu mtoto mchanga anayejulikana kwa jina la Albert, aliondoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka huo huo na akaingia katika kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson huko New York. Ilichukua hadi mwaka 1999 kwa wanasaikolojia na wataalamu wengine wapatao 60 kuiandikia jumuiya yao ya Marekani barua ya kupinga matumizi ya saikolojia dhidi ya watoto, na mwaka 2004 kikosi kazi kilichoundwa baada ya barua hiyo kikathibitisha kwamba mtoto wa chini ya miaka 8 kwa kawaida hana uwezo wa kuitambua nia ya kushawishi, kikapendekeza matangazo yanayowalenga watoto wa umri huo yawekewe mipaka. Kati ya Watson na ripoti hiyo ilipita miaka 84. Vyuo vikuu vya Bukavu havina sababu ya kurudia usingizi huo.

Pingamizi la mwisho ni la wanaosema kwamba sheria haifui dafu mbele ya biashara, hasa katika mji wa mpakani ambapo bidhaa na picha huvuka mto Ruzizi kila saa. Jaribio la jimbo la Quebec nchini Kanada, linalozungumza Kifaransa kama ofisi za Kongo, linawajibu. Quebec ilipiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13, na marufuku hiyo ikaanza kutumika mwaka 1980, lakini haikuweza kuzuia mawimbi ya televisheni za Marekani yaliyovuka mpaka. Goldberg aliigeuza kasoro hiyo kuwa kipimo. Katika utafiti alioutoa mwaka 1990 aliwalinganisha watoto wa Montreal wanaozungumza Kiingereza, waliotazama sana vituo vya Marekani, na wale wanaozungumza Kifaransa, waliotazama zaidi vituo vya nyumbani. Wa kundi la kwanza walitambua vitu vingi zaidi vya kuchezea vilivyokuwa madukani, na katika nyumba zao mlikuwa na aina nyingi zaidi za nafaka zenye sukari zinazotangazwa kwa watoto. Marufuku yenye matundu ilikuwa marufuku bado. Kongo nayo haianzi mikono mitupu, kwani iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, ikatunga sheria ya ulinzi wa mtoto tarehe 10 Januari 2009, na ikaunda baraza kuu la utangazaji na mawasiliano, CSAC, kwa sheria ya mwaka 2011. Inakubalika kwamba redio ndogo za Bukavu huishi kwa matangazo, na kwamba kuzinyang'anya kipato hicho bila mbadala ni kuziua. Hiyo ni sababu ya kupanga saa na aina ya matangazo kwa busara, na kuanza na kuta zinazotazamana na milango ya shule, ambazo hazimpi mtangazaji yeyote wa redio hata faranga moja.

Kinachokosekana ni kipimo cha hapa hapa, na kipimo hicho hakihitaji maabara. Mchezo wa kadi ulioanzia kwa Fischer na kupelekwa na Borzekowski na Cohen hadi Nijeria na Pakistani unahitaji nembo zilizopigwa picha mtaani, picha za bidhaa, meza, na mtu anayejua kuketi na mtoto na kumwuliza kwa Kiswahili au Mashi bila kumharakisha. Shule za msingi zimejaa tangu elimu ya bure ilipoanza mwezi Septemba 2019, kwa hiyo watoto wa kuulizwa hawatafutwi mbali. Kadi za kwanza zichaguliwe kwa kufuata njia ambayo mtoto mmoja wa miaka 5 huipita kutoka nyumbani hadi darasani, nembo moja baada ya nyingine kwa mpangilio ule ule wa njia, na kati yao ziwekwe alama ambazo watu wazima wangependa awe anazijua: msalaba wa kituo cha afya, alama ya maji yasiyofaa kunywa, bendera ya nchi yake. Kisha ihesabiwe ni zipi alizozitambua haraka.